Mama Anabadilishiwa Goti: Je, Afunge Siku Saba Kabla ya Upasuaji?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yangu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, ana kisukari, na mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam kuwekewa goti bandia. Ustadhi mmoja kamwambia afunge siku saba mfululizo ili damu isafike na kidonda kisioze. Daktari kasema ale vizuri. Mama ameshaanza kufunga, nami naogopa dhambi nikimzuia.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, mama afungue leo, asingoje magharibi. Hiyo ni sunna, na mwenye kufunga sunna ana hiari ya kuikata. Kwa mgonjwa, hata Ramadhani yenyewe Mwenyezi Mungu kaisogeza: "basi atimize hesabu katika siku nyingine" (2:185).

Huyo ustadhi bila shaka kategemea hadithi ya "Fungeni mpate afya". Al-Hafidh al-Iraqi, mwanachuoni wa hadithi, amesema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Na hata ingekuwa sahihi, iliteremkia wapi goti la bibi mwenye kisukari? Anameza vidonge vya sukari alfajiri, kisha tumbo linabaki tupu. Saa tisa sukari imeshuka, anatetemeka, jasho linamtiririka. Kidonda hufungwa na chakula: samaki, mayai, maharage. Aliyedhoofika ndiye kidonda chake huchelewa kupona na kuingia wadudu. Zamani za Mtume (s.a.w.) mtu alipasuka kichwa, akaota ndoto ya janaba, wenzake wakamlazimisha kuoga, akafa. Mtume akasema: "Wamemuua." Nao walidhani wanatoa fatwa! Anayesema bila elimu juu ya mwili wa mtu aikumbuke hadithi hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Kuna kujizuia kula ambako hospitali itamwamrisha: kwa kawaida saa sita bila chakula, na maji hukatwa saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, ili asije akatapika chakula kikaingia mapafuni. Hapo atii kama alivyoambiwa, na aulize vidonge vya sukari anywe au aache.

Ila usimzuie kwa ukali. Mama anaogopa kisu, na swaumu ndiyo aliyopata kuishika. Mpe badala yake: atoe sadaka, asome dua, nawe kaa naye usiku. Mwambie pia kwamba baada ya upasuaji ataswali kwenye kiti, asilazimishe kusujudu chini. Sahaba Imran bin Huswain, alipokuwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume aswali kwa kukaa akishindwa kusimama.