Simulizi ya WhatsApp bado si kitabu, dada yangu

Msomaji mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameniandikia. Simulizi yake imefika sehemu ya 60 kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wanalipia kwa simu, na fundi wa kuchapa huko Kariakoo amemwambia alete faili tu. Anachotaka kujua ni achape nakala ngapi.

Dada yangu, usichape hata moja kwanza. Inaniuma kuona riwaya za wanawake wa mji huu zikidharauliwa ilhali hadithi zenyewe zina nguvu. Mtu anafungua kitabu, anakutana na umbo la simu kwenye karatasi, anakirudisha mezani na kusema wanawake hawajui kuandika. Tunajua. Tatizo ni kwamba tunaruka hatua ya kati, ya kuhariri simulizi ya simu iwe kitabu.

Anza na vikumbusho. Kwenye kundi, kila sehemu hufunguliwa na "Tuliishia pale Salma alipoikuta simu ya mumewe…", na ni sawa, maana msomaji amekaa siku mbili na kupitia meseji nyingi nyingine. Kwenye kitabu amegeuza ukurasa tu. Futa vyote. Kisha tafuta vile vilivyojificha, ambavyo ni vigumu zaidi: mhusika anakaa kitandani na "kukumbuka yote yaliyotokea", au anamsimulia shoga yake jambo ambalo msomaji alilishuhudia. Hapo andika tu kwamba alimweleza, uendelee. Sehemu 60 za maneno 900 ni maneno 54,000. Ukitoa vikumbusho vya maneno 80 hivi kila sehemu, unabaki na takriban 49,000, na hakuna msomaji atakayeona pengo.

Halafu miisho. Chukua karatasi, andika kila sehemu inaishia na nini: mlango unagongwa, simu inaita, mtu anazimia. Utashangaa ni mara ngapi watu wanazimia. Mshtuko unaojirudia mara tano humzoesha msomaji, na ule mkubwa wa mwisho unakuta ameshachoka. Bakiza uleule unaobadilisha maisha ya mhusika. Baada ya hapo unganisha sehemu tatu au nne ziwe sura moja, ukifuata tukio linapoanza na linapokwisha. Sura hazilazimiki kulingana urefu.

Simulizi iliyoandikwa kwa miezi mingi, usiku, watoto wakiwa wamelala, lazima itakuwa na mikanganyiko. Fungua daftari la wahusika: jina, umri, kazi, mtaa, na nani anamwita nani vipi. Hili la mwisho wengi hawaliandiki, na ndilo linalotusuta. Kama Salma anamwita mama wa mumewe "mama" mwanzoni, hawezi ghafla kumwita "mama mkwe" usoni pake bila sababu. Wasomaji wetu wataona ni ugomvi. Kagua na miaka. Mabasi ya mwendokasi na daraja la Kigamboni vilianza kutumika 2016, kwa hiyo mhusika wa 2012 anavuka kwa pantoni. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Usimtume mtu kununua viungo ndani ya jengo lile mwezi uliofuata.

Kwenye mazungumzo, tujifunze kwa Penina Muhando na tamthilia zake. Jukwaani hakuna nafasi ya kuandika "alisema kwa hasira huku akibinua midomo". Hasira inabebwa na maneno yenyewe. Jipime hivi: ziba majina, soma ukurasa kwa sauti. Usipotambua nani anasema, wahusika wako wote wanatumia mdomo wako. Mama wa Tandale na meneja wa benki hawaombi msamaha kwa maneno yaleyale.

Faili lenyewe sasa. Ukihamisha mazungumzo kutoka WhatsApp, kila ujumbe unakuja na tarehe, saa na jina au namba ya mtumaji. Usimpe fundi faili hilo, lina namba za wasomaji wako. Hamishia maandishi yako peke yake kwenye programu ya kuandikia, ondoa nyota za kukoleza maneno na vikatuni vya nyuso, andika "sijui" badala ya "cjui". Angalia pia maneno ambayo simu ilijibadilishia kuwa ya Kiingereza.

Kwa ukubwa wa A5, herufi za 11, ukurasa hubeba maneno 280 hivi. Maneno 49,000 ni kurasa 175, na kurasa za mwanzo sita zinafanya 181. Hapo uliza mashine ya fundi wako inakunja kurasa ngapi kwa mara moja. Nyingi hukunja 16, na jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa 16, hivyo utaangukia 176 au 192. Ukiacha 181 unalipia kurasa 11 tupu. Punguza nafasi kati ya mistari kidogo, au kata kurasa tano za maneno, jambo ambalo mimi ningelichagua. Karatasi ya ndani gramu 80, kava gramu 250 au 300. Omba sampuli moja, ifungue mpaka mgongo ulale. Gundi mbovu itaachia kurasa hapohapo. Acha milimita 20 upande wa mgongo, la sivyo maneno yatamezwa.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kule Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Iombe mapema, maana inapaswa kuwemo kwenye faili kabla ya kuchapa. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini simulizi za makundini hunakiliwa na kufutwa jina la mwandishi kila siku, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi. Mchapishaji akikuletea mkataba, tafuta mstari unaosema unamwachia "haki zote". Mwombe autenganishe: kitabu cha karatasi, cha simu, cha kusikiliza, tafsiri na filamu, kila kimoja na miaka yake. Akikataa kuuandika upya, usisaini siku hiyo.