Fomu ya Mlangoni: Kukagua Kura Pasipo Mtandao

SWALI: Katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, jamaa zetu wa mjini walifungua Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kwenye simu wakajumlisha wenyewe. Huku Turkana mtandao tunaufuata kilimani, na wengi wetu tuna kabambe, simu ndogo zisizo na intaneti. Mwaka 2027 tutakaguaje?

JIBU: Anzieni mlangoni mwa kituo. Kura zikishahesabiwa, msimamizi hujaza Fomu 34A, huitia sahihi pamoja na maajenti, hutangaza matokeo, kisha hubandika nakala mahali pa wazi. Picha mliyosikia iko kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, mwaka 2022 ilitokana na fomu iyo hiyo, ikapigwa na kutumwa kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume kilichoko kituoni. Aliye mlangoni basi anaweza kuisoma kabla ya aliye Nairobi.

Nendeni wawili na daftari, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike: nambari ya kituo, waliosajiliwa, kura za kila mgombea, zilizokataliwa na jumla ya kura halali. Jumlisheni papo hapo. Kura za wagombea lazima zilingane na kura halali. Hizo pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa. Msikawie, maana karatasi huchanwa na upepo au kuloa.

Kisha mwenye simu ya intaneti aende penye mtandao na daftari hilo, atafute kituo chenu kwenye tovuti, alinganishe. Akikuta tofauti, tafuteni ajenti wa chama aliyebaki na nakala yake. Fanyeni haraka: kesi ya kupinga matokeo ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu kutangazwa.

Fomu ikichelewa kuonekana, hiyo pekee si ushahidi wa wizi. Mwaka 2017 tume ilisema vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na 3G wala 4G, wasimamizi wakatakiwa kuhama hadi penye mtandao ndipo watume. Ila ucheleweshaji huo ni mzigo unaowaangukia watu walewale kila mara, na haikubaliki tuuzoee. Matokeo yalipotangazwa mwaka huo fomu zote hazikuwa zimefika, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais.

SWALI: Kabambe inatosha kujua kama jina langu limo?

JIBU: Mwaka 2022 ilitosha: nambari ya kitambulisho, alama ya #, mwaka wa kuzaliwa, kwa SMS kwenda 70000. Jina likikosekana, SMS hairekebishi. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na kitambulisho mkononi.