Aliyeuliza Akangoja Jibu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: je, upole wa mtangazaji wa kipindi cha watoto hubaki kwa mtazamaji akishakuwa mtu mzima, au huisha pamoja na utoto? Jibu langu ni kwamba hubaki, ila haubaki pale ambapo watu wengi huutafuta. Wengi hutaja mafunzo, kama vile kugawana vitu, kushukuru na kutopigana, ilhali mafunzo hayo mtoto huyapata kwa wazazi na walimu wake, tena kwa msisitizo mkubwa kuliko wa televisheni yoyote. Kinachobaki kutoka kwa mtangazaji mpole, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kuulizwa jambo na mtu mzima ambaye yuko tayari kungoja jibu.

Anayetajwa kuliko wote katika habari hii ni Fred Rogers wa Marekani, ambaye kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, kilitengenezwa Pittsburgh na kurushwa nchi nzima kuanzia Februari 1968 hadi Agosti 2001. Kipindi kilifunguliwa kwa utaratibu uleule mwaka baada ya mwaka: Rogers anaingia mlangoni akiimba, anavua koti na kuvaa sweta, kisha anaketi na kuvua viatu vya kazini ili avae raba, na katika yote hayo haonyeshi haraka hata kidogo. Mtu mzima anayekitazama leo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba mitambo imekwama. Lakini mtoto wa miaka minne hufunga viatu vyake kwa mwendo huohuo, na huenda Rogers alikuwa mtu mzima pekee wa siku ile ambaye hakumhimiza afanye upesi.

Ni kosa kuudhania upole huo kuwa tabia ya kuzaliwa tu. Rogers alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, aliyewekewa mikono mwaka 1963, lakini alipokuwa mbele ya kamera hakuhubiri. Kwa miaka mingi alipeleka miswada na nyimbo zake kwa Margaret McFarland, mwanasaikolojia wa watoto wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, wakajadiliana jinsi mtoto atakavyolielewa kila jambo. Alitunga wimbo mzima wa kuwahakikishia watoto kwamba maji ya kuogea hayawezi kuwameza pamoja nayo katika tundu la bafu, hofu ambayo wazazi huicheka ilhali kwa mtoto ni hofu ya kweli. Na alipopata barua kuhusu msichana asiyeona, aliyekuwa akihangaika kila siku kama samaki wa kipindini wamepewa chakula, Rogers alianza kutamka kwa sauti kwamba anawalisha. Wenye macho hawakupoteza chochote, na yule mmoja aliacha kuhangaika. Nidhamu ya namna hiyo ndiyo inayotenganisha upole na sauti laini, maana sauti laini hata mfanyabiashara anayo.

Ushahidi mzuri zaidi wa ninachokisema ni mazungumzo yaliyorushwa mwaka 1981, ambapo Rogers alimkaribisha mvulana wa miaka kama kumi aliyetumia kiti cha magurudumu cha umeme. Alimwomba aeleze kiti kinavyofanya kazi, kisha akamuuliza ni nini kilichomfanya akihitaji. Mvulana alieleza yote mawili, ugonjwa wake na upasuaji, kwa utulivu na kwa maneno ya kitabibu ambayo watu wazima wengi wangeyakwepa. Rogers hakumsikitikia, wala hakumsifu kwa ushujaa. Alimsikiliza kama mtu anayesikiliza fundi akieleza mashine yake. Hapakuwa na muziki wa kuamuru machozi. Mwaka 1999, Rogers alipokuwa akiingizwa katika orodha ya heshima ya watu wa televisheni, mvulana yule, sasa mtu mzima, alijitokeza jukwaani bila Rogers kutarajia, na mzee huyo wa miaka 70 akaruka kutoka kwenye kiti chake na kumwendea. Miaka karibu ishirini ilikuwa imepita, na ni wazi kwamba hakuna kati yao aliyekuwa amesahau.

Najua hoja ya kupinga: kwamba tunachokiita athari ya kudumu ni hamu tu ya kurudi utotoni, na kwamba mtu angempenda hata mtangazaji wa hovyo, mradi alimtazama akiwa na miaka mitano. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kilichotokea tarehe 1 Mei 1969, Rogers alipofika mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kutetea fedha za televisheni ya umma, dola milioni 20 zilizokuwa hatarini kupunguzwa. Mwenyekiti, Seneta John Pastore, alikuwa mtu mkali na hakuwahi kukiona kipindi hicho. Rogers alizungumza kwa dakika chache, bila kupandisha sauti, akamsomea maneno ya wimbo kuhusu mtoto anavyoweza kuizuia hasira yake. Pastore alikiri kwamba mwili ulimsisimka, akasema inaonekana Rogers amekwisha kuzipata hizo milioni 20. Hakuwa na utoto wowote wa kuukumbuka katika jambo hilo.

Upo pia utafiti wa Lynette Friedrich na Aletha Stein, uliochapishwa mwaka 1973, ambamo watoto wa shule ya awali waligawanywa katika makundi, baadhi wakitazama katuni za mapigano na wengine kipindi cha Rogers, kwa wiki kadhaa. Waliomtazama Rogers walivumilia zaidi katika kazi walizopewa na waliweza kungoja zaidi. Utafiti huo ulipima majuma, haukupima miaka, kwa hiyo siutumii kudai kwamba televisheni huzalisha watu wema. Hakuna aliyethibitisha hilo, na wanaolidai huwanyang'anya wazazi sifa iliyo yao.

Upole huo, hata hivyo, ulirithiwa. Ernie Coombs alifuatana na Rogers kwenda Kanada miaka ya 1960, akabaki huko, na kuanzia 1967 hadi 1996 akawa Mr. Dressup, mtu wa kuchora, wa vikaragosi na wa sanduku la nguo za kuigizia, mchangamfu kuliko rafiki yake lakini mwenye subira ileile. Angela Santomero, aliyekua akimtazama Rogers, alishiriki kubuni kipindi cha watoto cha Blue's Clues mwaka 1996, ambamo mtangazaji Steve Burns aliuliza swali, akaikazia kamera macho, kisha akanyamaza hadi watoto wajibu. Nimewahi kukaa karibu na mtoto aliyekuwa akitazama kipindi cha aina hiyo. Alijibu kwa sauti, akasogea hatua moja kuelekea kwenye televisheni, na mtangazaji alipoendelea kana kwamba amemsikia, mtoto akanigeukia kuhakikisha kwamba nami nimeshuhudia.

Burns aliondoka mwaka 2002, na katika kipindi ikaelezwa kwamba ameenda chuoni. Septemba 2021 alijitokeza katika video fupi, akiwa mtu wa makamo, akawaeleza watazamaji wake wa zamani kwa nini aliondoka ghafla, akataja kazi na madeni yao, na kuwaambia kwamba hakuwasahau. Mamilioni waliitazama, na wengi waliandika kwamba walilia. Wapo waliowacheka. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu mtu uliyezoea kumjibu kila siku akiondoka ghafla, swali lake la mwisho hubaki kwako.

Ndiyo maana sikubaliani na wasomaji wanaotaka tumtafute mtu mwingine wa kuvaa sweta. Sweta si kitu. Watangazaji wengi wa video za watoto wa siku hizi wana nyuso za tabasamu na sauti tamu kupita kiasi, lakini wakiuliza swali hulijibu wenyewe kwa pumzi ileile, na kabla mtoto hajafungua kinywa video nyingine imeshaanza. Kwa hao, jibu la swali lenu ni hapana.