Usinunue stempu, nunua jina la wilaya

Ukikutana na stempu ya Meksiko ya mwaka 1856 kwenye mnada wa mtandaoni, usihangaike kwanza na sura ya Padri Miguel Hidalgo, yule aliyeanzisha vita vya uhuru wa nchi hiyo. Tazama neno lililogongwa juu yake kwa wino: Puebla, Guanajuato, Veracruz, Tabasco. Bei inatokana na neno hilo, na waghushi nao wanalijua hilo vizuri kuliko wewe.

Stempu za kwanza za Meksiko zilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1856. Barabara za wakati ule zilikuwa na majambazi wengi, na stempu mpya ni fedha tupu: ukizipora njiani unaziuza popote. Kwa hiyo karatasi zilisafirishwa kutoka mji mkuu bila jina, na posta kuu ya kila wilaya ndiyo iliyogonga jina lake zilipoifikia. Jambazi alibaki na stempu ambazo hazikuwa halali kutumika. Wilaya hizo za posta zilikuwa takriban hamsini, nyingine kubwa kama Mexico (yaani mji mkuu wenyewe) na Puebla, nyingine za mbali ambako barua zilikuwa chache na stempu zake leo hazishikiki kwa bei. Utaratibu huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa hiyo uwanja ni mpana.

Sisi tuliozoea stempu za India zilizogongwa neno Zanzibar mwaka 1895 tunadhani tunaujua mchezo huu. Tunaujua nusu. Kule Zanzibar jina ni moja, unajifunza chapa zake basi. Meksiko stempu ya aina moja, tuseme ya reales 2 (real ilikuwa fedha ya huko wakati ule), inaweza kupatikana na majina kadhaa tofauti, kila jina na mihuri yake, na mihuri ilibadilika miaka ilivyokwenda.

Ndiyo maana ninawaambia wanaoanza: chagua wilaya moja ya kawaida, ukae nayo. Mimi nilichagua Puebla, na sababu yenyewe ni ndogo tu: zinapatikana, na bei yake haitishi. Toleo la 1856 lina thamani tano: nusu real ya buluu, real 1 ya njano, reales 2 za kijani, reales 4 nyekundu na reales 8 za zambarau. Achana na ndoto ya kuzikamilisha zote. Nunua zile za bei ndogo, hata zilizokatwa vibaya (hazina meno, zilikatwa kwa mkasi, na makarani wa posta hawakuwa na huruma), mradi jina linasomeka. Zipange mezani pamoja. Baada ya muda jicho linazoea urefu wa neno, umbo la herufi, nafasi kati ya herufi na herufi, jinsi wino ulivyoingia kwenye karatasi. Ikija stempu ya Puebla ambayo P yake imesimama vingine, utashtuka kabla hujajua kwa nini.

Kisha kuna mambo mawili ya kukagua kwa kioo cha kukuzia. La kwanza ni mpangilio wa wino. Jina liligongwa kabla stempu haijauzwa. Muhuri wa kufutia ulikuja baadaye, barua ilipopelekwa. Kwa hiyo muhuri wa kufutia unatakiwa uwe juu ya jina. Ukiona wino wa jina umepanda juu ya muhuri, kuna mtu amegonga jina hilo juzi. La pili ni kama muhuri na jina vinapatana. Stempu ya Guanajuato iliyofutwa mji mwingine haimaanishi moja kwa moja kuwa ni ghushi, kwa sababu posta ndogo za wilaya zilipewa stempu na posta kuu yao. Lakini mji huo lazima uwe ndani ya wilaya ile. Chora ramani yako ya posta kuu na posta ndogo zake.

Toleo ninalolipenda kuliko yote ni lile la Tai, lenye picha ya ndege huyo, la wakati wa Maximilian, mfalme aliyewekwa na Wafaransa, lililoanza 1864. Hapo serikali iliongeza ulinzi: mbali na jina la wilaya, stempu zikagongwa namba ya ankara na mwaka kabla ya kutoka mji mkuu. Kila shehena ilikuwa na namba yake. Daftari za posta zilizoandika namba hizo hazikupotea. Baadaye zilinakiliwa na kuchapishwa, na leo mkusanyaji anaweza kujua shehena fulani ilikwenda wilaya gani na ilikuwa na stempu ngapi. Ni hazina ambayo wakusanyaji wa nchi chache sana wanayo. Mtu akikuletea Tai mwenye namba na jina visivyokutana katika daftari, mrudishie kwa heshima. Kazi hii ya kulinganisha namba ndiyo inayonikesha, na wala haihitaji pesa nyingi, kwa maana Tai wenye jina la Mexico wapo wengi.

Tofauti kabisa ni Hidalgo wenye meno wa 1864, waliochapwa New York na American Bank Note Company. Serikali ya Rais Juárez iliyoziagiza ilikuwa imeshakimbilia kaskazini kwa sababu ya uvamizi wa Wafaransa, hivyo zilitumika kidogo tu, huko Monterrey na Saltillo. Zilizobaki bila jina ni rahisi mno, na ni nzuri kutazama. Sasa fikiri kama mghushi: una stempu halisi ya bei ya chai, na ukiigonga neno Saltillo na muhuri, inapanda mara nyingi. Nunua ile tupu. Yenye jina usiiguse bila cheti cha wataalamu kwamba ni halisi.

Kuhusu za 1867 zenye neno Mexico kwa herufi za Kigothi, ziacheni kwanza.

Mghushi mmoja anastahili kutajwa kwa jina. Raoul de Thuin, mzaliwa wa Ubelgiji, aliishi Mérida, Yucatán, akatengeneza majina na mihuri ya Meksiko kwa ustadi wa kutisha, mpaka chama cha wakusanyaji cha Marekani kikanunua vifaa vyake mwaka 1966 ili aache. Vifaa viliondoka, stempu alizogonga zimebaki sokoni. Kwa hiyo stempu ya bei kubwa ipelekwe kwa wataalamu; chama cha wakusanyaji wa stempu za Meksiko kiitwacho MEPSI hutoa vyeti. Gharama yake, ukijumlisha posta ya rejista, haina maana kwa stempu ndogo ndogo. Muulize muuzaji mapema kama atakurudishia pesa wataalamu wakisema ni ghushi, na jibu lake liwe la maandishi. Anayeanza kuzungukazunguka, achana naye.

Neno la mwisho kwa wenzangu wa pwani. Gundi ya stempu na unyevu wa masika havielewani. Stempu za toleo la kwanza zilizotumika hazina gundi, na hiyo ni faida yetu: usilipe zaidi kwa ajili ya gundi ambayo itanata kwenye albamu kabla ya Juni. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye boksi, tumia kibano badala ya vidole, na usiloweke kwenye maji stempu yoyote iliyo bado juu ya bahasha yake. Bahasha nzima yenye jina, muhuri na anwani inajieleza yenyewe. Hasa stempu zilizokatwa nusu, kama reales 4 iliyotumika kwa thamani ya 2, ambazo zikibanduliwa hakuna wa kuziamini tena.