Malipo ya kabla au ya baada, na je, simu za intaneti ndizo zinazomaliza bando?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina laini ya malipo ya baada, na kila mwisho wa mwezi ankara inanishtua. Mchana nawapigia wateja simu nyingi, karibu zote fupi: "Mzigo umefika?", "Nipo njiani." Jioni naongea na mwanangu anayesoma nje ya nchi, na hapo hatuachani haraka. Mdogo wangu ananishauri nihamie malipo ya kabla na simu zote nipige kwa intaneti. Jirani yangu anasema nisithubutu, eti simu za intaneti ndizo zinazomaliza bando. Nimsikilize nani? Na nikihama, namba yangu ya miaka mingi si itapotea?

JIBU: Salama, mama, na pole kwa ankara hizo. Mdogo wako na jirani yako wote wana hoja, ila wanakushauri kana kwamba simu zako zote ni za aina moja. Simu ya sekunde 20 kwa mteja na simu ya saa nzima kwa mwanao zina gharama za namna mbili tofauti. Pesa zako zinapotea kwa sababu zote unazipitisha njia moja.

Tuanze na malipo ya kabla. Wengi hudhani ni nafuu kwa asili yake, na si hivyo. Dakika ukiinunua kwa salio tupu, bila kifurushi, mara nyingi ni ghali kuliko dakika ya mkataba. Faida yake ni kikomo: salio likiisha, matumizi yanasimama papo hapo, wakati laini ya malipo ya baada huendelea kuhesabu mpaka siku ya ankara. Kwa mtu ambaye ankara inamshtua, kikomo ni jambo kubwa, ila kikomo bila kujua pesa inaenda wapi kitakufanya ununue vocha kila siku badala ya kulipa ankara mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo kabla hujahama, uombe mtandao wako mchanganuo kamili wa ankara za miezi mitatu iliyopita, ule unaoonyesha kila simu na muda wake. Chukua kalamu utenge simu za ndani ya mtandao wako, za mitandao mingine, za nje ya nchi, kisha data, kisha mstari unaoandikwa "huduma" au jina jingine la namna hiyo. Huo wa mwisho usiupite haraka. Mara nyingi humo ndimo zilimo jumbe za kila siku za michezo au habari, na miito ya muziki ambayo mtu alijiunga nayo kwa kubonyeza kitu bila kusoma. Jitoe kwenye zote. Ukihamia malipo ya kabla ukaziacha, zitakata salio lako kama zilivyokuwa zikiongeza ankara yako.

Sasa simu za mwanao, ambazo nadhani ndizo mzigo mkubwa. Hapa sina shaka hata kidogo: zihamishie zote kwenye intaneti. Simu ya kawaida ya nje ya nchi hupita mikononi mwa kampuni kadhaa, na ile ya mwisho, yenye mteja anayepigiwa, hudai malipo yake kwa kuifikisha. Yote hayo yanajumlishwa katika bei unayolipa wewe kwa dakika. Simu ya intaneti husafiri kama data, na data hailipiwi kwa umbali. Mwanao awe mtaa wa pili au bara jingine, kiasi kinachotumika ni kilekile.

Jirani yako anahofia bando, basi tupige hesabu. Programu nyingi za simu za intaneti hubana sauti kwa mfumo uitwao Opus, uliopitishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2012. Mfumo huu unaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na maneno bado yakasikika. Tuchukue sauti nzuri ya kilobiti 24 kwa sekunde. Sauti hiyo hukatwa vipande vidogo, tuseme vya milisekunde 20 kila kimoja, maana yake pakiti 50 kwa sekunde. Kila pakiti hubeba pia anwani na namba ya mpangilio wake, kiasi cha baiti 40, na ukizijumlisha hizo peke yake zinafika kilobiti 16 kwa sekunde. 24 na 16 ni 40. Bando huhesabu kinachotoka na kinachoingia, hivyo zidisha kwa mbili upate kilobiti 80, ambazo ni kilobaiti 10 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane.

Dakika moja basi ni kilobaiti 600 hivi, na saa nzima ni MB 36. GB moja inakupa zaidi ya saa 25 za maongezi. Ukiongea na mwanao nusu saa kila siku, mwezi mzima huimalizi.

Jirani yako hajazua, lakini. Simu ya video ya ubora wa kawaida ikitumia nusu megabiti kwa sekunde kwenda na nusu nyingine kurudi, inakula MB 7.5 kwa dakika, yaani MB 450 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mara 12 ya sauti, na picha ikiwa safi zaidi inapanda tena. Anayesema simu za intaneti zinamaliza bando karibu kila mara anazungumzia video, hata kama mwenyewe hajatofautisha. Sikukatazi kumwona mwanao. Mzazi ana haki ya kuuona uso wa mtoto wake na kujua kama anakula vizuri. Ila ujue kwamba dakika tano za video zinakula sawa na saa nzima ya sauti. Mwone, msalimiane, kisha zima kamera muendelee kuongea.

Hesabu yangu usiichukue kwa imani. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, kuna ukurasa wa matumizi ya mtandao unaoonyesha simu zimetuma na kupokea kiasi gani. Uweke upya kwenye sifuri, ongea kwa sauti tu kwa dakika kumi, kisha usome. Hapohapo pana swichi ya kupunguza data ya simu, iwashe. Ulichosoma kizidishe kwa sita upate kiasi cha saa moja, kisha gawanya bei ya bando lako kwa idadi ya MB zilizomo, zidisha kwa kiasi hicho, na utakuwa na gharama halisi ya saa moja ya mwanao. Ilinganishe na bei ya dakika ya kimataifa kwenye ankara yako mara 60. Naamini baada ya hapo hutahitaji ushauri wangu wala wa jirani.

Kama bando linaisha na simu za video hupigi, mwizi yuko kwingine: video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii, picha za makundi zinazojipakua, nakala za picha zako zinazopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na programu zinazojisasisha usiku. Zote hizo zipangie Wi-Fi tu. Simu nyingi za Android zina kiokoa data tangu toleo la 7, na iPhone ina hali ya data kidogo tangu iOS 13. Ukiwasha kiokoa data, iruhusu programu yako ya simu iendelee kutumia data hata ikiwa nyuma ya skrini, la sivyo mwanao anaweza kupiga na simu yako isilie.

Kuhusu ubora, kasi kubwa si lazima. Laini inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde bila kuyumba inabeba sauti vizuri kuliko laini ya kasi kubwa inayokatika. Kinachoudhi ni kuchelewa: sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, watu wanaanza kukatishana maneno bila kukusudia. Sauti ikianza kukatika, sogea karibu na ruta, au zima Wi-Fi utumie data ya laini, na uangalie kama kuna mtu nyumbani anayepandisha video wakati huohuo. Uliza pia mwanao yuko nchi gani. Falme za Kiarabu, kwa mfano, huzuia simu za WhatsApp ingawa ujumbe unapita, na huko watu hutumia programu zilizopewa leseni.

Wateja wako ni habari nyingine, na hapa simwungi mkono mdogo wako. Mteja huenda hana bando saa hiyo, au data yake imezimwa, na simu ya intaneti itaita kwako bila kulia kwake. Biashara haiwezi kusubiri hivyo. Hawa wapigie simu ya kawaida, lakini chunguza mtandao wako unahesabu vipi. Kuna kutozwa kwa sekunde na kuna kutozwa kwa dakika nzima, ambako sekunde 61 zinalipiwa kama dakika mbili. Ukipiga simu 30 za sekunde 20, umeongea dakika 10 tu. Ukitozwa kwa dakika nzima utalipia 30. Kwa mtu mwenye simu fupi kama wewe, jambo hili moja lina uzito kuliko punguzo lolote linalotangazwa, na ajabu ni kwamba wauzaji wa laini hawalitaji usipouliza.

Angalia pia wateja wengi wako mtandao gani. Mtandao wa mpigaji humlipa mwenzake kila simu inapovuka kwenda kwake, ndiyo maana vifurushi vya ndani ya mtandao huwa na dakika nyingi kwa bei ndogo. Tahadhari tu kwamba pale ambapo watu wanaruhusiwa kuhama mtandao na namba zao, tarakimu za mwanzo hazikuambii tena mtu yuko wapi. Waulize wateja wakubwa watano au sita, inatosha. Ikiwa wengi wako mtandao tofauti na ule wenye data nzuri mahali unapokaa, na simu yako inachukua laini mbili, tumia moja kwa kupiga na nyingine kwa data. Kwenye mipangilio chagua laini ya data mwenyewe, na uzime ile ruhusa ya simu kubadilisha laini ya data peke yake, maana ikihamia kwenye laini isiyo na bando itakula salio.

Ukubwa wa bando nao hudanganya. Bando la mwezi huonekana nafuu kwa kila GB, lakini bando la GB 10 likiisha muda wake na GB 6 zimebaki, umelipia GB 4 kwa bei ya 10. Pima mwezi mmoja kwanza, kisha nunua kinachokaribiana na matumizi yako. Na usiache salio kubwa kwenye laini ya data. Bando likikata katikati ya maongezi, mitandao mingi huendelea kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni kali sana, na salio linaondoka kabla hujamaliza sentensi. Mingine ina menyu ya kuzuia hilo. Itafute au uwaombe huduma kwa wateja wakuzuilie.

Kuhusu kupigia simu za kawaida kupitia intaneti, kama namba ya mezani ya chuo cha mwanao: wengi walizoea Skype kwa kazi hiyo tangu ilipoanza mwaka 2003, lakini Microsoft iliifunga Mei 2025. Viber na wengine bado wana huduma ya kulipia dakika za namna hiyo. Inafaa kwa simu chache za kimataifa. Kwa wateja sikushauri, kwa sababu namba inayotokea kwao inaweza isiwe yako, na watu hawapokei namba wasizozijua.

Namba yako haitapotea ukifuata mpangilio. Ukibaki mtandao uleule, kwa kawaida wanakubadilishia tu kutoka malipo ya baada kwenda ya kabla ukishalipa deni, na namba inabaki. Ukihamia mtandao mwingine katika nchi inayoruhusu kuhama na namba, ombi la kuhama lianze wakati laini ya zamani bado iko hai. Usiifunge kwanza. Laini ikishafungwa hakuna namba ya kuhamisha. Soma mkataba pia: kama simu uliipata humo kwa malipo ya kidogokidogo, huenda kuna faini ya kuvunja kabla ya muda, na simu yenyewe inaweza kuwa imefungwa isipokee laini nyingine. Azima laini ya mtandao mwingine uijaribu humo kabla hujasaini chochote. Faini ikizidi unachotarajia kuokoa kwa miezi iliyobaki, subiri. Simu za mwanao unaweza kuzihamishia intaneti leo bila kugusa mkataba.

Ukishakuwa kwenye malipo ya kabla, laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Namba hiyo ndiyo inayopokea siri za benki na ndiyo iliyosajiliwa WhatsApp, basi iwekee salio na uitumie mara kwa mara, na kwenye WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada. Salio kidogo libaki daima kwa siku intaneti itakapokatika. Na ukihitaji polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, piga namba ya dharura kwa simu ya kawaida, kwa sababu WhatsApp haipigi namba hizo.