Kabla ya kupanua chaneli, angalia miti

Mafundi wenzangu wa redio, mteja akilalamika kwamba intaneti inakokota, wengi hukimbilia kwenye mipangilio na kuifanya chaneli, yaani kipande cha masafa kinachobeba data, yenye upana wa MHz 20 iwe ya 40. Baada ya miaka ya kufunga njia za redio za mnara kwa mnara huku Mufindi, kati ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, mimi hilo huliweka la mwisho.

Chaneli ikipanuka mara mbili, mtambo hupokea kelele mara mbili, na nguvu ya kurusha ni ileile. Uwiano wa mawimbi na kelele hushuka desibeli 3. Hapo vibebeo vidogo vya OFDM, mfumo unaogawa chaneli katika mawimbi madogo mengi yanayobeba data sambamba, vinaweza kuteremka kutoka QAM 64, namna ya kupakia data yenye biti 6 kwa kila kibebeo kwa mpigo, hadi QAM 16, biti 4. Umekula masafa maradufu, kasi haikuongezeka maradufu, na jirani umemwingilia. Lakini njia iliyokwama kwenye QPSK, biti 2, ukiisafisha ikapanda hadi QAM 256, biti 8, umevuna takriban mara nne ndani ya chaneli ileile.

Kusafisha huku kwetu maana yake kwanza ni miti. Kuuona mnara wa pili kwa macho hakutoshi. Kwa njia ya kilomita 10 kwenye GHz 5.8, eneo la Fresnel, yaani nafasi inayouzunguka mstari wa kuonana ambamo mawimbi hupita, hapo katikati lina nusu kipenyo cha mita 11 hivi, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 7, iwe wazi. Misindano na mikaratusi haingoji. Njia nzuri leo itazibwa taratibu, na mteja atalaumu mtambo. Kwa hiyo nenda kwa mwenye shamba, muulize miti ina umri gani na ataivuna lini, ndipo upange urefu wa mnara. Swali hili limenisaidia kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Kisha muda wa kinga, yaani pengo linaloachwa kati ya mpigo na mpigo ili mwangwi wa uliotangulia usiuingilie unaofuata. Kwenye mikrosekunde 0.8 wimbi husafiri mita 240, kwenye 0.4, mita 120. Kilima kwa kilima, penye uwazi, ufupishe upate kasi ya kama asilimia 11 zaidi. Bondeni, ambako mawimbi hugonga miteremko na kuchelewa kufika, uache mrefu.

Yote hayo yakishakaa sawa na uchunguzi wa masafa ukaonyesha nafasi tupu pande zote mbili, hapo panua.