Ukipokea picha, igeuze kwanza

Kamwene. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi kwenye jumba dogo la sanaa kama letu hapa Iringa, ambalo halikuanzishwa na serikali wala chuo. Mtu mmoja alinunua picha na vinyago kwa fedha yake miaka na miaka, mpaka nyumba ikamjaa, ndipo akafungulia watu milango. Siku ya kwanza utatamani kusafisha, kupanga na kutundika. Usianzie huko.

Mimi nilianzia huko. Wiki ya pili nilikabidhiwa picha tatu za rangi ya mafuta zilizochorwa kwenye hadibodi, zilizokuwa zimekaa stoo muda mrefu. Vumbi letu la Agosti mnalijua. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikafuta mbele taratibu, kisha nikageuza nikafuta na nyuma. Ile ya tatu ilikuwa na mistari miwili ya chaki mgongoni. Niliona neno "Masasi" na nusu ya jina la mtu vikiondoka chini ya kidole changu kabla akili haijanikaa sawa. Jioni nikamweleza Mzee, mwenye makusanyo. Hakunifokea. Alivuta kiti, akaitazama ile picha kwa muda, akasema aliinunua mkononi mwa mchoraji mwenyewe, ila jina lilikuwa halimkai kichwani, ndiyo maana aliliandika. Picha ipo ukutani mpaka leo, na kadi yake inasomeka "Mchoraji hajulikani". Kila nikipita pale naumia, kwa sababu alijulikana, na aliyemfuta ni mimi.

Kwa hiyo ukipokea picha, igeuze. Mgongoni ndiko kuna jina, tarehe, bei, muhuri wa fundi wa fremu, matundu ya misumari ya zamani. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mkoani Ruvuma, alichora kwa miaka michache tu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipouawa mwaka 1972. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za dukani. Baada yake zimetoka picha nyingi sana zenye jina lake ambazo hakuzigusa. Chui na ndege wa mbele wanaweza kuigwa na kijana yeyote mwenye mkono mzuri. Kinachosaidia kuamua ni ubao wenyewe, na habari ya nani alimuuzia nani, wapi, lini. Habari hiyo ikipotea, hata mtaalamu akija kutoka mbali atabaki anakisia.

Kabla ya kufuta chochote piga picha kwa simu: mbele, nyuma, pembe zote nne, rula ikiwa kando. Kisha ipe namba. Sisi tunaandika mwaka iliotufikia na mfuatano wake, mfano 2019.14, na namba hiyo hairudiwi hata kazi ikivunjika au ikirudishwa kwa mwenyewe. Kwenye karatasi tumia penseli laini, nyuma, pembeni kabisa. Kalamu ya wino itapenya. Kwenye kinyago funga kikadi kwa uzi wa pamba, basi. Usibandike selotepu popote, gundi yake ikikaa haitoki.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wageni wengi hawaioni kama kazi: kukaa na mkusanyaji. Jumba la namna hii daftari lake kubwa ni kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo anazeeka. Nenda asubuhi akiwa hajachoka. Shikamoo, chai, habari za nyumbani, ndipo uombe ruhusa ya kurekodi. Usimwambie "nieleze historia ya makusanyo yako", atakupa maneno anayowapa wageni rasmi. Mpe kitu kimoja mkononi, unyamaze. Mzee wetu hakumbuki miaka, anakumbuka safari. Ukimuuliza kinyago kilinunuliwa lini anatikisa kichwa. Ukimuuliza alirudi nacho kwa basi gani anakwambia alilala Makambako, mvua ilikatisha barabara, na aliyekuwa naye ni fulani. Kutoka hapo mwaka unaupata wewe kwa kuunganisha. Muulize na bei.

Muulize pia, kwa adabu lakini bila kuzunguka: hiki ni mali ya nani? Lagos, Prince Yemisi Shyllon alitoa kazi zake zipatazo 1,000 kwa Chuo Kikuu cha Pan-Atlantic, na jumba lenye jina lake likafunguliwa mwaka 2019. Cape Town, Jochen Zeitz makusanyo yake aliyaingiza kwenye jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, lililofunguliwa mwaka 2017 ndani ya maghala ya zamani ya nafaka, kama mkopo wa muda mrefu. Zawadi na mkopo ni vitu viwili tofauti kabisa siku warithi wa aliyetoa kazi wanapogonga mlango. Kwetu waligonga, wakiwa na haki yao, na kwa picha mbili hatukuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha. Sasa kila kazi ina fomu yenye sahihi.

Kuhusu hali ya hewa nitasema kidogo. Mpingo uliozoea unyevu wa pwani ukiletwa huku kiangazi hupasuka, hasa ukiwekwa dirishani au karibu na jiko la mkaa wakati wa baridi ya Juni na Julai. Ukikuta unga mpya chini ya kinyago cha mti laini, kitenganishe na vingine siku hiyohiyo. Mdudu yumo ndani, anakula.

Jambo lililokuwa likinisumbua zaidi ni vikapu. Mzee anavyo vya majani ya milulu vingi, vizuri kupita kiasi, na kwa miaka yote kadi zao zilisema "Kikapu, Iringa". Kinyago kina jina la fundi, kikapu hakina jina la bibi aliyekaa wiki nzima akikisuka. Mwaka jana tulibeba kimoja hadi kijiji alichokitaja Mzee, kwa mama mmoja ambaye tuliamini ndiye aliyekisuka. Hakukitazama ubavuni, kwenye mapambo. Alikigeuza kitako juu, akapitisha kidole pale msuko unapoanzia, akakaa kimya. Kisha akasema si chake, ni cha dada yake, marehemu, ambaye alianza kusuka kwa mkono wa kushoto. Akatutajia jina lake kamili. Tuliliandika palepale mkekani, kwa penseli, naye akaomba tumsomee aone kama tumepatia.